Mtani Wangu Khanyile

Johannesburg, 9 Septemba 2023

Dada yangu Hyasinta,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na masikio yanaendeleaje? Najua simu husikii tena, ndiyo maana naandika kwenye karatasi, naipiga picha, namtumia Mwatumu jirani yako. Mwambie akupe simu usome mwenyewe. Akikusomea kwa kupaza sauti, Peramiho nzima itajua habari zangu kabla yako.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mzima wa mwili. Kontena langu la kushonea limechomwa.

Usishtuke, nyumba ipo. Ni kontena tu, na vyerehani vyote, na sare za kina mama wa kanisa nilizokuwa nimekwisha kuzikata. Jumamosi iliyopita walikuja wale wa maandamano, wanaopita mitaani kufunga maduka ya wageni na kudai vitambulisho. Nilisikia nyimbo zao toka kule kwenye robot, taa za barabarani, lakini wala sikuinuka. Niogope nini? Kitambulisho cha nchi hii ninacho toka Mzwandile yu hai. Mume nimemzika hapa, mtoto nimemzaa hapa, na nusu ya wale wanaoimba wake zao wamevaa nguo zangu.

Walifika njia panda wakasimama, hawajui waelekee wapi. Aliyewaonyesha ni Khanyile.

Khanyile unamjua, nimekuandikia habari zake miaka na miaka. Yule Mzulu wa nyumba ya pili, mtani wangu. Nakumbuka mwaka tuliohamia huku upande wa Midrand nilimwambia pale kwenye uzio, babu zako ndio waliotutimua sisi Wangoni tukakimbia mpaka Songea, na kwetu watu wakishapigana namna hiyo wajukuu wao huwa watani, wanatukanana na hakuna wa kukasirika. Akacheka mpaka akakohoa. Toka siku hiyo yeye ananiita kwerekwere, tusi lao kwa sisi tuliotoka nchi nyingine, nami namwita mchunga ng'ombe asiye na ng'ombe. Kila asubuhi ninapofungua, dada. Kila asubuhi.

Basi Jumamosi akaninyooshea kidole akawaambia, "Na huyu naye ni kwerekwere."

Mimi nikacheka. Nikamjibu kwa sauti, kama siku zote. Nilikuwa bado nacheka walipoingia.

Yeye hakuchoma kitu. Alisimama pembeni, mikono mifukoni, akaangalia. Polisi walikuja wakaandika, wakasema hawamjui aliyewasha moto. Jeannine, yule msusi Mkongo wa kontena la jirani, amehama siku hiyo hiyo kwenda kwa nduguze Mayfair. Kiswahili chake cha Lubumbashi nilikuwa nakicheka, sasa sina hata hicho. Leo nimejikuta naongea na birika.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Leonida

*

Peramiho, 21 Septemba 2023

Mdogo wangu Leonida,

Milele amina. Masikio hayana nafuu, la kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia kengele ya kanisa tu. Daktari anasema ni uzee. Nimemwambia na yeye anakuja huku.

Barua yako nimeisoma nikalia, nikakasirika, nikaisoma tena. Umenusurika, hilo ndilo la kwanza. La pili, unangoja nini huko? Mzwandile alikutoa Mazimbu, kwenye kambi ya wapigania uhuru wa kwao, ukiwa binti unashona mashati kiwandani, ukamfuata kwao, tukakubali. Sasa amekufa. Mtoto amekua, yuko Durban. Chumba cha marehemu mama kipo wazi, nimekipaka chokaa.

La tatu, huyo Khanyile. Mimi sielewi hata kidogo. Mtani gani huyo? Jirani yangu Zephania ni Mhehe, unamkumbuka, mwalimu mstaafu. Tulipomzika kaka alikuja akakamata jogoo wangu mkubwa mbele ya padri, akaondoka naye akisema marehemu alimwachia kwenye wosia. Matusi aliyonitukana siku ile siwezi kuandika, msiba mzima ulicheka. Lakini ndiye aliyeshinda kaburini na jembe, na wakati ule mgambo walipotaka kunisumbua kwa ajili ya pombe yangu ya ulanzi, yeye ndiye aliyesimama mlangoni. Alisema, huyu mlevi wa Kingoni ni wangu peke yangu kumtukana, ninyi ondokeni.

Hebu nieleweshe.

Dada yako,
Hyasinta

*

Johannesburg, 14 Januari 2024

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Natumaini Noeli mliila vizuri na Zephania hakukuibia kitu. Mimi nipo. Thandeka alikuja kwa sikukuu, akakaa kidogo, akarudi Durban. Nikimwambia kwa Kiswahili anaelewa, jibu linatoka Kiingereza. Tumezoea.

Nina habari kubwa. Nimefungua kesi.

Kuna wakili wa hapa, binti anaitwa Refilwe, anasaidia watu bila malipo. Amenieleza kuwa kuna sheria huku: mtu akidhuriwa kwa sababu ya asili yake, asingoje polisi wamfunge mtu. Yeye mwenyewe anaweza kumpeleka mahakamani aliyemdhuru, adai fidia ya mali na ya maumivu, na adai aombwe radhi. Jela haimo. Ni yeye na mimi mbele ya hakimu. Waliowasha moto hawajulikani, walitoka mitaa mingine. Anayejulikana ni yule aliyeita maandamano, na Khanyile aliyewaonyesha mlango.

Nilisitasita. Kumpeleka jirani kortini, mtu niliyesalimiana naye kwa matusi zaidi ya miaka ishirini? Ila tangu siku ile hajanisemesha. Akinikuta spaza, kile kiduka cha mtaani, anaangalia mikate. Nikasema potelea mbali, labda huko mahakamani atafungua mdomo.

Na amefungua. Jibu lake limekuja kwa maandishi, Refilwe akanisomea ofisini. Anasema alikuwa anatania. Anasema huyu bibi nimemwita hivyo miaka yote na yeye anacheka, majirani wote mashahidi, hata siku ile alicheka. Kama watu walichukua mzaha wake wakaugeuza moto, yeye hana kosa.

Refilwe alikasirika mpaka akasimama. Mimi nikafurahi. Usinicheke. Nilifurahi, dada, nikataka kuomba ile karatasi nikalale nayo. Kumbe anakumbuka. Kumbe alijua kuwa ni utani.

Refilwe anasema hapo ndipo kesi itakaponing'inia. Nikikubali kwamba ulikuwa utani, hakimu ataona hata siku ile alitania, nami sitapata hata sindano. Nikisema nilikuwa naumia kila aliponiita hivyo, tutashinda. Sikutaka kusema uongo. Nikamwambia hujui utani wewe, kwenu haupo. Akampigia Thandeka amuulize. Thandeka akamwambia aweke simu kwenye spika nisikie mwenyewe. Nakuandikia kwa Kiswahili alichosema: "Mama, yule mtu amekutukana utoto wangu wote. Nilikuwa naingia ndani nisisikie. Na wewe ulikuwa unacheka."

Mtoto wangu mwenyewe. Nimemlea pale pale kwenye uzio na hakuona utani, aliona tusi.

Sasa nisaidie. Refilwe ameomba mtu wa kwetu aandike kwa kiapo utani ni nini. Nenda kwa hakimu hapo Songea, Mwatumu akusindikize. Andika ukweli, usinipendelee. Nataka kujua kama Khanyile ni mtani wangu aliyekosea siku moja, au ni nini. Fidia naihitaji, sikatai, bila cherehani mimi ni nani? Lakini hili la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Mdogo wako,
Leonida

*

Peramiho, 6 Februari 2024

Leonida mdogo wangu,

Salamu nyingi toka nyumbani. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni. Nasikia, maana yake naona, kwamba na huko mna mvua.

Kiapo nimekwenda kuapa. Hakimu alicheka sana, ni Mnyamwezi, akaniuliza kwa maandishi kama Wangoni siku hizi wanashtaki watani wao mpaka ng'ambo. Niliyoandika ni haya. Kwamba mtani anatukana kwa mdomo wake mwenyewe, haleti watu wengine wakutukane. Kwamba anachukua kitu chako na wewe unachukua chake. Kwamba kwenye msiba wako anacheka ili akufanyie kazi. Na kwamba watani hawashtakiani. Hakuna baraza litakalosikiliza, hata akikuvunjia chungu. Samahani, umesema niandike ukweli.

Kwa hiyo umekaa pabaya. Kama ni mtani wako, kesi huna. Kama kesi unayo, basi mtani hukuwa naye.

Sasa la pembeni, hili sikumwapia mtu. Unaniambia yeye alikuita hivi, wewe ukamwita vile. Yeye alikuwa anajibu nini? Alichukua nini nyumbani kwako? Wewe umewahi kuingia kwake ukafunua sufuria ukala, mkewe akakufukuza na mwiko? Zephania akikosa kunitukana siku mbili nakwenda kumwangalia kama ni mzima. Wewe ulipoumwa mwaka ule wa korona, Khanyile alikuja?

Nijibu kwa utulivu. Sikuulizi ili nikuumize.

Dada yako,
Hyasinta

*

Peramiho, 30 Juni 2024

Leonida,

Hujambo? Mbona kimya? Mwatumu ananionyesha simu, alama zipo mbili na ni za bluu, maana yake umesoma. Nilipokuuliza yale nilikuwa nakuuliza kama dada. Kama nimekukwaza, nisamehe. Kama unaumwa, sema.

Siku hizi hata kengele siisikii. Nakaa kibarazani naangalia midomo ya watu inavyocheza. Barua yako ndiyo mazungumzo yangu, usininyime.

Dada yako anayekuwaza,
Hyasinta

*

Johannesburg, 17 Novemba 2024

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe kwa kimya changu. Hukunikwaza. Uliniuliza maswali, nami majibu sikuwa nayo, nikasema nitayangoja mahakamani. Nasikitika kuhusu kengele.

Kesi imesikilizwa. Refilwe alinipitia na gari lake, nikavaa gauni la bluu nililolishona kwa mkono kwa sababu cherehani sina. Khanyile alikuwa amekaa na mkewe benchi la mbele, amezeeka. Shati lake lilikuwa limefumuka begani, na Mungu anisamehe, muda wote nilikuwa nalifikiria lile bega.

Waliniletea mkalimani wa Kiswahili, Mkongo anaitwa Placide, mpole kabisa. Nikaanza kueleza utani, naye akanitazama, akaniuliza mama, ni kitu gani hicho? Kwao wana utani wao, lakini si huu wa Wangoni na Wazulu nilioutunga mimi. Nikaomba niseme mwenyewe kwa Kizulu.

Hakimu akaniuliza, mtu huyu alipokuita hivyo miaka yote, uliumia? Refilwe ananitazama. Thandeka alikuwa amekuja toka Durban, amekaa nyuma, ananitazama na yeye. Nilijua neno la kusema. Nilikuwa nimejizoeza kulisema nikiwa peke yangu jikoni.

Nikasema, "Hapana, mheshimiwa. Sikuumia. Alikuwa mtani wangu."

Refilwe akafunga macho. Nikasoma kiapo chako chote, mpaka pale pa watani hawashtakiani. Nikasema naijua hiyo kanuni, lakini mtani haleti watu, na siku ile alileta watu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeanza kuvunja. Nikaeleza msiba wa Mzwandile, jinsi Khanyile alivyovaa kofia ya marehemu akatufokea sote akiiga sauti ya Mzwandile, shemeji zangu wakataka kumtupa nje, mimi nikawazuia kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kunichekesha siku ile. Nikakaa. Nilijua nimepoteza, na moyo wangu ulikuwa mweupe, dada. Nilikuwa nimeyasema mbele ya watu.

Kisha akasimamishwa yeye. Refilwe hakupaza sauti. Alimwuliza, bibi huyu alikuwa anakujibu nini ulipomwita hivyo?

Khanyile akafikiri. Akasema hakumbuki. Akasema bibi anaongea sana, na Kizulu chake si rahisi kukielewa.

Akamwuliza, alikueleza kuhusu babu zenu na utani? Akasema hapana, labda, hajui. Akamwuliza kuhusu kofia. Hapo akainamisha kichwa. Akasema siku ile alikuwa amelewa, anaona aibu mpaka leo, alikwenda baadaye kuwaomba radhi wakubwa wa familia na wakamsamehe. Mimi hiyo habari sikuwahi kuambiwa.

Refilwe akamwuliza la mwisho. "Kama hapakuwa na makubaliano yoyote kati yenu, kwa nini ulimwita kwerekwere kila siku?"

Akasema, "Kwa sababu ndivyo alivyo. Na alikuwa hakasiriki."

Hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichoniua. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

Hakimu alitoa hukumu wiki iliyofuata. Amesema utani unahitaji wawili wanaoujua, na hapa alikuwepo mmoja. Nimeshinda. Yule wa maandamano na Khanyile watalipa vyerehani, sare, kontena na maumivu, na Khanyile atakuja nyumbani kwangu kuomba radhi. Refilwe alinikumbatia akilia. Thandeka alinishika mkono toka pale mpaka kwenye gari, na akaniita Mama kwa lafudhi ya Kiswahili, kitu ambacho hajakifanya toka akiwa mdogo.

Ulichoniuliza sasa nakujibu. Hajachukua kitu kwangu. Sijachukua kitu kwake. Nilipoumwa hakuja. Nilikuwa natania peke yangu, Hyasinta. Miaka yote hiyo kila asubuhi nilifungua kontena nikiwa na mtu wangu mmoja katika mtaa huu, na sikuwa naye.

Mdogo wako,
Leonida

*

Peramiho, 25 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Nimekusoma.

Zephania nimempa asome na yeye, usikasirike. Aliisoma mpaka mwisho. Kisha akaniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu, ili nisome: mwambie aje, nina matusi yake ya kutosha.

Chumba kipo. Hata usipokuja kwa heri, njoo nikuone midomo yako inavyocheza. Nitaelewa tu, wewe ni mdogo wangu.

Dada yako,
Hyasinta

*

Johannesburg, 16 Februari 2025

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mahindi yamestawi. Mwambie Zephania nimecheka, na Mhehe aendelee na nyama yake ya mbwa.

Sirudi kwanza. Usinune. Kontena jipya nimeliweka pale pale, na cherehani kimoja cha umeme, kingine cha kukanyaga kwa siku za kukatika umeme. Kina mama wameleta vitambaa. Mtaani wamekuwa na adabu mno. Watoto wananiamkia kwa kuinama, wanaume wanavua kofia, muuza spaza ananiita madam. Nadhani wanaogopa wakili. Hakuna anayenitukana hata kidogo, siku inaanza na kuisha kimya.

Khanyile alikuja Jumapili, na mkewe, na Refilwe kama shahidi. Niliwapa viti na chai, maana mgeni ni mgeni. Akasoma maneno aliyoandikiwa na mahakama. Aliyasoma vizuri, hakuruka hata moja. Nikasema nimepokea. Refilwe akapiga picha ya karatasi, akaondoka, na mke wa Khanyile akatangulia nje.

Yeye akabaki mlangoni anazungushazungusha kofia. Nilidhani anangoja niseme kitu juu ya malipo. Akasema, mama, lile jambo ulilolisema kortini, la watu wa kwenu kutukanana kwa kupendana, nimekuwa nikiliwaza toka siku ile. Nimejaribu kukumbuka ulichokuwa ukiniambia asubuhi, nimekumbuka kidogo tu, kitu juu ya ng'ombe. Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza naona toka tulipohamia hapa.

Akauliza, "Ilikuwa kweli? Ulikuwa unanifanyia mimi hivyo, siku zote hizo?"

Nikamwambia hapana.

Mdogo wako,
Leonida